Ahadi ni Deni: Maazimio ya Wasichana wa Manhattanville, 1933 hadi 1938

Wanafunzi wa historia tunapoandika juu ya chuo fulani, aghalabu tunaanza na waanzilishi, majengo na majina ya wakuu waliofuatana. Vyama vya wanafunzi hupewa aya moja mwishoni, pamoja na michezo na kwaya, kana kwamba ni mapambo tu. Katika insha hii nataka kuanza na vyama. Nitaeleza habari za chuo kimoja cha Kikatoliki cha wanawake nchini Marekani, Manhattanville, kwa kupitia wanafunzi wake walioandika maazimio manane mnamo Mei 1933. Miaka mitano baadaye maazimio hayo yalidaiwa kama deni, na aliyelazimika kulilipa hadharani alikuwa mkuu wa chuo mwenyewe.

Nimeichagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, nilisoma sekondari kwa masista hapa Uganda, na nimekulia ndani ya vyama: Legio ya Maria, kwaya, mdahalo, na ule umoja wa wanafunzi Wakristo ambao sote tunauita YCS. Pili, sasa niko chuo kikuu na ni katibu wa chama cha Kiswahili. Kila mwisho wa muhula mimi ndiye ninayeandika maneno "wanachama tumeazimia". Kwa hiyo nilipokutana na habari za wasichana hawa wa New York, niliisoma kama katibu anayesoma kumbukumbu za katibu mwenzake.

Chuo juu ya kilima

Shirika la Moyo Mtakatifu lilianzishwa Ufaransa mwaka 1800 na Madeleine Sophie Barat, na kazi yake kuu ilikuwa kuwasomesha wasichana. Watawa wake walifungua shule New York mwaka 1841. Mwaka 1847 waliihamishia juu ya kilima upande wa kaskazini wa kisiwa cha Manhattan, katika kijiji kilichoitwa Manhattanville, na jina la mahali likawa jina la shule. Hata leo barabara inayopita hapo inaitwa Convent Avenue, yaani barabara ya konventi. Mwaka 1917 shule ilipata kibali cha kutoa shahada, ikawa chuo.

Wakati watawa wanahamia pale, kulikuwa na mashamba na nyumba chache. Lakini jiji lilikua. Kuanzia miaka ya 1910 maelfu ya Wamarekani Weusi walihama kutoka majimbo ya Kusini wakikimbia ubaguzi na umaskini, na wengi wao walikaa Harlem, chini ya kilima hicho. Kufikia 1930 Harlem ilikuwa mtaa wa Watu Weusi uliojulikana kuliko yote duniani, wenye magazeti yake, makanisa yake, wanamuziki na waandishi wake. Basi hali ikawa hivi: juu, chuo cha wasichana Wazungu, wengi wao kutoka familia zenye uwezo, chini, mji mzima wa Watu Weusi, wakiwemo Wakatoliki. Waliokuwa juu na waliokuwa chini walisali sala zilezile kwa Kilatini kilekile. Darasani hawakukutana.

Vyama na kazi zake

Mfumo wa vyama katika vyuo vya Kikatoliki vya wanawake miaka ile hautamshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na vyama vya sala, hasa Sodaliti ya Bikira Maria, ambayo ilianza Roma mwaka 1563 miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha Wajesuiti, na katika shule za Moyo Mtakatifu kulikuwa pia na Wana wa Maria. Kulikuwa na vyama vya maigizo, vya muziki, vya mdahalo, vya lugha za kigeni, vya kusaidia misioni, na gazeti la wanafunzi. Kila chama kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na sista mlezi aliyekaa pembeni akisikiliza.

Kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Katika chuo cha wanawake, viti vyote vya uongozi vilikaliwa na wanawake. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920 tu. Papa Pius wa XI naye, katika waraka wake wa 1929 kuhusu malezi, alipinga wavulana na wasichana kusomeshwa pamoja. Nia ya waraka ule ilikuwa kulinda maadili, lakini katika vyuo kama Manhattanville ulikuwa na tokeo lingine: msichana wa miaka 20 ndiye aliyeendesha mkutano, aliyeandika kumbukumbu, aliyesimama kumuuliza mgeni swali gumu. Hakukuwa na mvulana wa kumwachia kazi hiyo. Nami niliyesoma shule ya wasichana peke yao naweza kushuhudia kwamba jambo hilo humfundisha mtu kusema.

Miaka hiyo pia Kanisa liliwahimiza walei washiriki utume, na mwaka 1931 Papa huyohuyo alitoa waraka mwingine kuhusu haki katika jamii na uchumi. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mamilioni ya watu hawakuwa na kazi, na Harlem iliumia zaidi. Mkuu wa chuo tangu 1930 alikuwa Mama Grace Dammann, mtawa aliyetaka wanafunzi wake waisome dunia kama walivyosoma vitabu. Wageni walialikwa kuzungumza. Mmoja wa watu waliokuwa na nguvu katika mjadala wa rangi miongoni mwa Wakatoliki wa New York alikuwa Padre John LaFarge, Mjesuiti aliyewahi kufanya kazi miaka mingi miongoni mwa Watu Weusi wa Maryland na ambaye sasa alikuwa mhariri katika jarida la Kikatoliki. Mwaka 1934 alikuja kuanzisha Baraza la Kikatoliki la New York la kupatanisha watu wa rangi mbalimbali. Haifai kusahau kwamba kabla yake Wakatoliki Weusi wenyewe walikwisha kujiunga katika shirikisho lao chini ya mwalimu Thomas Wyatt Turner, wakiliuliza Kanisa lao maswali yaleyale bila kungoja padre wa kuwaulizia.

Maazimio manane

Katika mazingira hayo, Mei 1933, wanafunzi wa Manhattanville walipitisha maazimio yao. Yalikuwa manane, nami nayaeleza hapa kwa maneno yangu. La kwanza lilikiri kwamba Mtu Mweusi, kama binadamu na kama raia, ana haki ya kuishi, ya kuwa huru, ya kutafuta furaha yake na ya kupata haki kamili katika jamii. La pili liliwataka wamtendee kila Mtu Mweusi kwa adabu na wema, wakikumbuka mzigo wa dhuluma anaoubeba. La tatu lilisema wamtetee kwa neno jema kila inapopasa. La nne liliwakataza kusema juu yake kwa dharau au kutumia majina ya kumdhalilisha.

La tano lilikumbusha kwamba Kanisa na mafundisho yake ya haki yametajwa kuwa tumaini kubwa la watu hao. La sita lilisema kwamba Mtu Mweusi ni kiungo cha Mwili wa Fumbo wa Kristo sawa na mwenye kuazimia, na kwamba mwenye kuazimia ataishi kulingana na ukweli huo. La saba lilihimiza kutoa kwa ukarimu siku za sadaka kwa ajili ya wamisionari wanaofanya kazi miongoni mwa Watu Weusi. La nane liliwataka wazidi kujali hali yao na kushiriki kwa vitendo katika kazi ya kuiboresha, kiroho na kimwili.

Maazimio hayo yalichapishwa na kusomwa nje ya chuo. Ili kuelewa kwa nini yaligusa watu, tukumbuke yalivyokuwa mambo wakati huo. Katika majimbo ya Kusini sheria zilitenganisha shule, mabasi na hata mabomba ya maji ya kunywa. Kaskazini sheria hazikusema wazi, lakini milango mingi ilifungwa kimyakimya. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani mjini Washington, ambacho zamani kiliwahi kuwapokea Watu Weusi, kilikuwa kimewafungia mlango na kikaufungua tena mwaka 1936. Mtakatifu Katharine Drexel na masista wake walikuwa wameanzisha chuo cha Xavier kule New Orleans kwa ajili ya Watu Weusi, kwa sababu vyuo vingine vya Kikatoliki vya huko havikuwataka. Wasichana wa Manhattanville waliandika wakiwa ndani ya Kanisa la namna hiyo.

Mimi na yeye

Mimi nasoma Kiswahili pamoja na historia, na jicho langu limezoea kutafuta nani ni mtenda na nani ni mtendwa katika sentensi. Nikiyasoma maazimio haya kwa jicho hilo, naona kwamba karibu yote yana nafsi mbili: kuna sisi tunaoandika, na kuna yeye anayeandikwa. Sisi tutakuwa na adabu, sisi tutamtetea, sisi tutatoa sadaka. Yeye atatendewa. Hajibu, hasemi, hajulikani anataka nini. Hata ukarimu wa azimio la saba unampeleka mbali, kwenye misioni, ilhali alikuwa jirani yao chini ya kilima.

Azimio la sita peke yake linavunja mpangilio huo. Hapo anayeandika anasema juu ya mwili mmoja ambamo yeye na Mtu Mweusi wote ni viungo. Ukikubali sentensi hiyo, huwezi tena kumweka mwenzako upande wa pili wa ukuta na kumtumia wema kwa mkono. Mkono na mguu havitumiani zawadi. Nadhani wasichana walilichukua wazo hili kutoka katika mafundisho waliyoyasikia kila siku, na huenda hawakupima uzito wake wote siku walipoliandika. Lakini maandishi yana tabia ya kumngoja mwandishi wake njiani.

Kuna jambo lingine, na hili ni la kimya. Katika maazimio yote manane hakuna linalosema kwamba chuo kimpokee msichana Mweusi. Mwaka 1933 Manhattanville haikuwa na mwanafunzi Mweusi hata mmoja. Wasichana waliazimia juu ya ulimi wao, mfuko wao, sala zao na saa zao za kujitolea. Juu ya mlango wa chuo chao hawakuazimia neno.

Msomaji mkali anaweza kusema kwamba kwa sababu hiyo maazimio yalikuwa ya kujifurahisha tu. Sikubaliani naye. Azimio la nne, la kutotumia majina ya dharau, linaweza kuonekana dogo, lakini lilimtaka msichana akae mezani kwao wakati wa likizo na kumnyamazisha mjomba wake. Sisi tunaojua majina ambayo makabila yetu huitana tunajua kwamba kuacha jina moja la kejeli ni kazi ya miaka.

Mwaka wa kulipa deni

Kati ya 1933 na 1938 mambo mengi yalitokea chini ya kilima. Machi 1935 ghasia zilizuka Harlem, zikiwa zimechochewa na uvumi juu ya kijana aliyekamatwa dukani, lakini zikiwa zimelimbikizwa na njaa, kodi kubwa na ukosefu wa kazi. Mapema mwaka 1938 Catherine de Hueck, Mkatoliki mhamiaji kutoka Urusi, alifungua nyumba ya huduma katika mtaa wa 135, ambako Weusi na Weupe walifanya kazi na kula pamoja. Kwa wanafunzi waliotaka kutenda, nafasi ilikuwepo umbali wa kutembea kwa miguu.

Kisha, mwaka 1938, msichana Mweusi aliomba kujiunga na chuo. Alistahili, na Mama Dammann aliamua kumpokea. Habari zilipoenea, baadhi ya wahitimu wa zamani walikasirika na kupinga. Hawa hawakuwa wageni. Walikuwa mabinti wa chuo, waliosoma katika madarasa yale, na michango yao iliisaidia bajeti. Nadhani hapo ndipo wakuu wengi wa vyuo wangeahirisha suala hadi mwaka ujao, na mwaka ujao hadi mwingine.

Tarehe 31 Mei 1938, wahitimu walipokusanyika chuoni, Mama Dammann alisimama mbele yao akatoa hotuba iliyojulikana kwa jina la "Principles Versus Prejudices", yaani misingi dhidi ya chuki. Hoja yake ilikuwa wazi: chuo kinachojiita cha Kikatoliki hakiwezi kumkataa mwombaji anayestahili kwa sababu ya rangi yake na bado kikafundisha dini ile kinayoifundisha. Hotuba ilichapishwa na kusambazwa katika nchi, na msichana akapokewa.

Hapa ndipo naona kazi ya chama. Mama Dammann alikuwa jasiri, lakini hakusimama mahali patupu. Kwa miaka mitano chuo chake kilijulikana kwa maazimio yake. Wasichana waliokuwa mwaka wa mwisho 1933 walikuwa nao sasa ni wahitimu, kwa hiyo wahitimu hawakuwa tena kundi moja lenye sauti moja. Kumkataa msichana yule kungekuwa kuyapasua maandishi ya wanafunzi mbele ya watu wote waliokwisha kuyasoma. Waswahili husema ahadi ni deni. Wasichana walikopa kwa jina la chuo bila kuomba ruhusa ya kuufungua mlango, na siku mdai alipobisha hodi, deni lilikuwa limeshaandikwa.

Mwezi uliofuata, Juni 1938, Padre LaFarge alikuwa Roma, na Papa Pius wa XI alimwomba kwa siri aandae rasimu ya waraka dhidi ya ubaguzi wa rangi. Rasimu iliandikwa, lakini Papa alifariki Februari 1939 na waraka haukutolewa kamwe. Nikilinganisha mambo haya mawili nashangaa: maneno yaliyoandaliwa kwa ajili ya dunia nzima yalifungiwa kabatini, na yale ya wasichana wa mdahalo yalikwisha kufungua mlango mmoja. Vyuo vingine vya Kikatoliki vilichelewa. Chuo Kikuu cha Saint Louis, kwa mfano, kilikubali wanafunzi Weusi mwaka 1944, baada ya Padre Claude Heithaus kuwahubiria wanafunzi kanisani na kuwaomba wasimame kupinga dhuluma hiyo.

Habari hii na sisi

Katika miaka hiyohiyo hapa kwetu Mama Kevin Kearney, mtawa Mwairishi, alikuwa akijenga elimu ya wasichana, na mwaka 1942 alianzisha Mount Saint Mary's College, Namagunga. Ingawa ni shule ya sekondari, inaitwa kolegi, na kutoka humo alitoka Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari wa tiba.

Lakini uhusiano ulio wazi zaidi na vyuo vya Marekani unapita Kenya. Mwaka 1960 Wangari Maathai, aliyemaliza Loreto Limuru, alisafirishwa pamoja na vijana wengine mamia kwenda kusoma Marekani. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha Kikatoliki cha wanawake kilichoendeshwa na masista Wabenediktini mjini Atchison, Kansas, na alihitimu biolojia mwaka 1964. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, anaeleza jinsi masista walivyomtunza, na pia jinsi njiani kuelekea chuoni yeye na wenzake walivyokataliwa kukaa mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Anaeleza vilevile kwamba shuleni Kenya alikuwa mwanachama wa Legio ya Maria. Mimi simsomi kama mtu aliyepewa nafasi kwa bahati tu. Nafasi aliyoikuta katika chuo cha namna hiyo ilikuwa imebishaniwa na wanawake wengine, katika vyuo vingine, miaka zaidi ya ishirini kabla yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba chama cha wanafunzi kinaweza kukitangulia chuo chake. Kilichowawezesha wasichana wa Manhattanville ni mambo ya kawaida: kukutana kila mara, kumwalika mtu anayejua, kuandika walichokubaliana na kukitangaza. Upungufu wao ulikuwa kwamba anayezungumziwa hakuwepo chumbani, na kwa hiyo mlango haukutajwa.

Uganda leo ina wakimbizi zaidi ya 1,500,000, na wengi wanaotoka Kongo wanazungumza Kiswahili kwa ufasaha tunaoutafuta vitabuni. Vyama vya vyuo vyetu huadhimisha siku yao kwa mashairi na kupitisha maazimio mazuri. Kwa hiyo, kwenye mkutano wetu ujao nimependekeza ajenda mbili za kutangulia azimio lolote. Ya kwanza ni kuuliza nani anayezungumziwa hayumo, na kumwalika kabla kalamu haijaguswa. Ya pili ni kutaja mlango: ada ya uanachama ambayo mwanafunzi mkimbizi hawezi kuilipa, saa ya mkutano ambayo hawezi kuifikia, nafasi ya uongozi ambayo hatujawahi kumpa. Mwenyekiti ameniambia ajenda hiyo itachukua muda mrefu. Nimemjibu kwamba Manhattanville ilichukua miaka mitano, na kwamba kumbukumbu nitaziandika mimi.